Umesoma Isimu, Sasa Unataka Kufundisha

Siku utakayopeleka barua ya maombi ya kazi katika shule ya sekondari, mkuu wa shule hatakuuliza chochote kuhusu fonolojia. Atakuuliza una masomo gani mawili ya kufundishia. Wahitimu wengi wa isimu hukwama hapo hapo, kwa kuwa isimu, pamoja na upana wake wote, haimo kwenye ratiba ya kidato chochote. Ratibani kuna Kiswahili, kuna Kiingereza, kuna Kifaransa au Kiarabu katika baadhi ya shule. Basi kazi yako ya kwanza ni kuitazama nakala ya matokeo yako ya chuo kwa jicho la mwajiri: ni kozi zipi humo zinazohesabika kuwa za Kiswahili au za Kiingereza, na somo la pili ni lipi?

Mwongozo huu ni wa kijana aliyesoma isimu, hasa isimu tumizi, katika vyuo vya Tanzania au Kenya, na ambaye moyo wake uko darasani. Ninaamini mtu huyu ana mtaji ambao walimu wengi wa lugha hawana. Ninaamini pia kwamba mtaji huo haugeuki kuwa ualimu wenyewe kwa wenyewe.

Vyeti kwanza

Kama bado uko mwaka wa kwanza au wa pili, mambo ni mepesi. Nenda kwa mshauri wako wa masomo ukaulize kama unaweza kuchukua kozi za kutosha za somo la pili, iwe historia, jiografia au Kiingereza. Ukishahitimu mlango huo umefungwa, na kuurudia kunakula muda na ada.

Kama umeshahitimu shahada isiyo ya ualimu, njia iliyo wazi ni stashahada ya uzamili katika elimu. Vyuo kadhaa vinaitoa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huwafikia hata walio mikoani na kazini, kwa kuwa masomo yake ni ya masafa. Kenya, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, humsajili mhitimu wa shahada ya kawaida akiwa na stashahada hiyo, lakini huangalia pia cheti cha kidato cha nne: alama ya C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Wapo watu wenye shahada za uzamili wanaozuiwa na alama waliyoipata wakiwa na umri wa miaka kumi na minane. Ni bora ulijue hilo kabla hujalipa ada. Tanzania, Bunge lilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, na nafasi za serikali huombwa kwa mtandao kupitia Ajira Portal. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa. Herufi moja ikitofautiana unaweza kujikuta ukihangaika na hati ya kiapo wakati wenzako wanaitwa kwenye usaili.

Katika stashahada hiyo utasoma saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji, na kadhalika. Msomi wa isimu hushawishika kuyadharau masomo haya, akiyaona mepesi kando ya sintaksia. Usiyadharau. Zaidi ya yote, mazoezi ya kufundisha usiyachukulie kama muhuri wa kugongewa. Omba shule ambayo mkuu wa idara ya Kiswahili anasifika kwa ukali wa kazi, anayesoma andalio la somo mstari kwa mstari na kulirudisha likiwa na wino mwekundu. Wiki chache chini ya mtu wa namna hiyo zitakufunza mengi kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Darasa la wageni

Shule si njia pekee. Kiswahili kinafundishwa kwa wageni, na hapa ndipo isimu tumizi inapokaribia kazi yenyewe. Unguja, taasisi ya TAKILUKI, ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imekuwa ikipokea wageni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya Kiswahili, TATAKI. Musoma kuna shule ya lugha ya Makoko iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll. Arusha kuna chuo cha TCDC kule Usa River. Peace Corps, ambao walifika Tanganyika mwaka 1961, bado huajiri wakufunzi wa lugha kila wanapopokea kundi jipya la wafanyakazi wa kujitolea. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, nalo lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili na huendesha mafunzo ya kufundisha wageni. Jiandikishe.

Mgeni hafanani na mwanafunzi wa kidato. Amelipa, ana haraka, na anajua anachokitaka. Ulisoma chuoni kuhusu uchunguzi wa mahitaji ya mwanafunzi. Sasa ufanye kweli. Muuguzi atakayefanya kazi katika hospitali ya wilaya hahitaji kuanza na majina ya wanyama. Anahitaji kuuliza: Unaumwa wapi? Umeanza kuumwa lini? Umekula leo? Anahitaji kuelewa mama anapomwambia kuwa mtoto anaharisha tangu juzi, au kwamba mwili wote unachoka tu. Anahitaji kusema: Meza vidonge viwili, kutwa mara tatu. Ukikaa naye nusu saa kabla ya somo la kwanza, ukamwomba akusimulie siku yake ya kazi tangu anapoingia wodini mpaka anapotoka, utaondoka na mtaala wa mwezi mzima.

Kwa wageni utapimwa kwa vipimo vya kimataifa. Wazungu wa Ulaya watakuuliza unafundisha ngazi ya A1 au B2, kwa mfumo wa ngazi sita uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Wamarekani watazungumzia vipimo vya ACTFL. Soma mifumo yote miwili mpaka uweze kumsikiliza mtu kwa dakika kumi na kusema bila kubabaika yuko wapi.

Ngeli bila jina la ngeli

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo wasomi wa isimu wanapoanguka. Umekaa chuoni ukijifunza kwamba ngeli za Kibantu zina namba, kwamba Bleek alizipanga katika karne ya 19 na Meinhof akaiendeleza kazi hiyo. Unajua kwa nini wanaisimu wengine wanazipanga kwa viambishi vya nomino na wengine kwa upatanisho wa kisarufi. Unaingia darasani na furaha yote hiyo, unachora jedwali ubaoni, na baada ya dakika kumi macho ya wanafunzi yameshazima.

Jaribu hivi. Ingia na kikombe, kisu, kitabu na kijiko, viwili viwili. Weka kikombe mezani. Kikombe kiko wapi? Kiko hapa. Kisu kiko wapi? Kiko hapa. Kiondoe. Kisu kiko wapi? Hakipo. Sasa leta vingine. Vikombe viko wapi? Viko hapa. Vikombe vingapi? Viwili. Wape wao waulizane wenyewe, wafiche, watafute. Kufikia mwisho wa kipindi sikio limeshaipata ile ki- inayofuatana na ki-, na vi- na vi-, na hakuna aliyesikia neno ngeli. Kesho yake waulize wao: mmeona nini? Watakuambia kanuni kwa maneno yao. Hapo, na si kabla, andika jedwali dogo ubaoni.

Kisha mwanafunzi mmoja, mara nyingi yule mchangamfu, atasema: Kijana kimefika. Ameifuata kanuni yako barabara. Usimkatize kwa mhadhara juu ya uhai na ngeli ya A-WA. Mjibu kama mtu anavyojibu mwenzake: Ndiyo, kijana amefika. Amefika na nani? Endelea na mazungumzo, lakini andika pembeni ya daftari lako kwamba siku tatu zijazo utaleta picha za kijana, kiongozi, kifaru na kiboko, kila mmoja akifanya jambo. Hiyo ndiyo kazi ya isimu ndani ya ualimu. Wewe unajua ni kwa nini kosa lile limetokea, unajua litatokea tena kwenye maneno gani, na umeshaliandalia dawa. Mwalimu asiyejua isimu atasahihisha tu na kusonga mbele, kisha atashangaa kosa linarudi.

Jambo jingine dogo lenye uzito. Katika shule za sekondari ngeli hutajwa kwa upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI na wenzake. Fuata muhtasari wa somo na vitabu vilivyoidhinishwa. Namba za chuoni ziache kwenye rafu. Mtoto anakwenda kufanya mtihani wa taifa, na msahihishaji atatumia kile kilichoandikwa kwenye mwongozo wa kusahihishia.

Kosa lina sababu zake

Mwaka 1967 Pit Corder aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa mfumo alio nao kichwani kwa wakati ule. Miaka mitano baadaye Larry Selinker aliueleza mfumo huo kwa undani, kwamba si lugha ya nyumbani wala si lugha anayojifunza, bali ni kitu cha katikati chenye kanuni zake. Uliyasoma haya kwa ajili ya mtihani. Darasani yanakuwa kama stethoskopu ya daktari.

Chukua sentensi moja: Kitabu yangu imepotea. Ikisemwa na Mjerumani aliyeanza kujifunza mwezi uliopita, maana yake hajaushika upatanisho, naye anahitaji vikombe na visu. Ikisemwa na mtoto aliyekulia Nairobi, hali ni nyingine kabisa. Huyo anakizungumza Kiswahili cha mtaani kwao kwa ufasaha, chenye upatanisho wake uliorahisishwa, na amekisikia tangu utotoni. Ukimwambia hajui Kiswahili unasema uongo, na unamvunja moyo. Mwambie kwamba lugha ya mazungumzo ya mtaani ina pahali pake, na Kiswahili sanifu cha insha kina pahali pake, kisha mpe mazoezi ya kuhama kutoka kwenye kimoja kwenda kwenye kingine: aandike mazungumzo ya matatu kama yalivyo, halafu aiandike habari ile ile kwa ajili ya gazeti. Utaona kwamba anajifunza haraka, kwa sababu hajatukanwa.

Au chukua r na l. Gikuyu haitofautishi sauti hizi mbili, na si peke yake kati ya lugha za Kibantu. Walimu wengi huwacheka wanafunzi au huwalazimisha kurudia neno mbele ya darasa mpaka wanalia. Haisaidii, kwa kuwa tatizo mara nyingi lina mzizi sikioni kabla ya ulimi. Anza na kusikia. Andika ubaoni kalamu upande mmoja na karamu upande wa pili. Funika mdomo wako kwa daftari, useme neno moja, nao wanyooshe mkono wa kulia au wa kushoto. Halafu mahali na mahari, kula na kura. Usiombe mtu yeyote atamke mpaka darasa zima linyooshe mkono unaostahili. Ndipo waanze kutamka wawili wawili, mmoja akisema, mwenzake akinyoosha mkono. Hakuna anayesimamishwa peke yake na kuaibika.

Mazoezi haya hayahitaji projekta wala umeme. Nalisema kwa sababu mafunzo mengi ya ualimu huzungumza kana kwamba kila shule ina maabara ya lugha. Wewe huenda ukapangiwa darasa la wanafunzi zaidi ya sitini, madawati yamebanana, vitabu havitoshi, na kipindi ni dakika 40. Kazi ya wawili wawili hapo si mapambo, ni njia pekee ya kumpa kila mtoto nafasi ya kusema chochote. Kusahihisha nako kuna mipaka. Insha sitini zenye kila kosa limepigiwa mstari zitakumaliza, na wanafunzi hawatazisoma. Chagua makosa ya aina mbili tu kwa kila insha, uwatangazie kabla hawajaandika, na uyasahihishe hayo kwa makini.

Kujitayarisha kwa usaili

Shule nyingi za binafsi na vituo vya lugha hutaka ufundishe somo la majaribio mbele ya jopo. Wengi huchagua mada kubwa ili waonekane wasomi. Fanya kinyume. Chagua jambo dogo, kwa mfano kuuliza bei na kupatana sokoni, au hali ya kukanusha wakati uliopita: nilienda, sikuenda. Panga muda hivi kwamba sauti za wanafunzi zisikike zaidi ya yako. Kuwa na andalio la somo lililoandikwa vizuri, lenye umahiri unaolengwa, hatua, zana na tathmini, na ulikabidhi kabla hujaombwa. Ukiulizwa kuhusu shahada yako, usitaje nadharia. Eleza kosa moja la mwanafunzi, sababu yake, na ulivyolishughulikia. Jopo litaelewa mara moja umesomea nini.

Lakini huwezi kueleza kosa la mwanafunzi ambaye hujawahi kuwa naye. Kwa hiyo anza kufundisha kabla ya ajira. Jitolee katika shule ya kata iliyo karibu, hasa kidato cha kwanza. Fundisha jirani mgeni. Saidia madarasa ya watu wazima msikitini au kanisani kwako. Weka daftari la makosa: tarehe, mwanafunzi alisema nini, lugha yake ya nyumbani ni ipi, ulifanya nini, ilisaidia au haikusaidia. Daftari hilo litakuwa mada ya shahada yako ya uzamili utakapofika wakati wake, na litakuwa la thamani kuliko mada nyingi zinazookotwa maktabani.

Ng'ambo na ahadi zake

Utasikia mengi kuhusu soko la Kiswahili duniani. Baadhi ni kweli. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, SADC ikakipokea 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi 2022, na mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Ushauri wangu ni kuyafurahia haya bila kuyajengea maisha. Tangazo la serikali halizai nafasi ya kazi mpaka bajeti ipitishwe, walimu waandaliwe na vitabu vichapishwe. Fuatilia matangazo ya ajira yenyewe, si hotuba.

Mpango mmoja unaojulikana ni ule wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni nchini Marekani. Unakwenda kwa mwaka mmoja wa masomo, miezi tisa hivi, unafundisha au kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na unasoma kozi kadhaa, ingawa hupewi shahada. Wanataka mtu mwenye shahada, Kiingereza kizuri, na nia ya kurudi nyumbani. Nafasi hizo hutangazwa na Ubalozi wa Marekani. Waliokwenda hurudi wamebadilika, kwa kuwa kule utafundisha watu wasiokisikia Kiswahili mahali popote nje ya darasa lako, na kila dakika unayoipoteza kwa kueleza sarufi kwa Kiingereza wanaikosa moja kwa moja.

Nafasi za kudumu katika vyuo vya London, Leipzig, Bayreuth, Osaka, Seoul au Beijing ni chache, na nyingi hudai uzamili au uzamivu. Zipo pia kazi za kufundisha kwa intaneti. Hizo zinafaa kwa kuanzia, mradi upatane malipo mapema na kwa maandishi, na usikubali kulipwa kwa kipindi huku saa za maandalizi zikihesabiwa kuwa bure.

Ukiwa kazini

Miaka miwili ya kwanza usijaribu kuwa mtafiti. Kuwa mwalimu. Jaza azimio la kazi kwa wakati, fika zamu, wajue wanafunzi kwa majina, kaa na walimu wakongwe chumba cha walimu na usikilize. Wako walimu wa Kiswahili wasiojua neno mofimu ambao wanafunzi wao hufaulu kila mwaka; omba ruhusa ukae nyuma ya madarasa yao. Angalia wanauliza maswali ya namna gani, wananyamaza kwa muda gani kabla ya kumtaja mtu, wanafanya nini na yule anayekaa dirishani asiyesema kitu.

Baada ya hapo, rudi kwenye isimu yako kwa nguvu zote. Idara za Kiswahili zinahitaji watu wa kutunga majaribio yanayopima kile yanachodai kupima, wa kuandika vitabu vya kiada kwa ajili ya watoto ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, wa kuwaeleza wazazi na wathibiti ubora kwa nini mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka katika kijiji chenye lugha nyingine hasomi kama mwenzake wa Tanga. Hayo hayafanywi vizuri na mtu aliyesoma isimu tu, wala na mtu aliyesoma ualimu tu. Wenye vyote viwili bado ni wachache.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama umeshaamua, usingoje nafasi ikufuate. Toa vivuli vya vyeti vyako, vithibitishe, angalia tarehe ya mwisho ya kuomba stashahada katika chuo kilicho karibu nawe, kisha upeleke maombi kabla tarehe hiyo haijapita.